Kipimo cha Shingo

Kidato cha Sita, kipindi cha nne, Chumbageni.
Feni imekufa tangu Machi.
Nawasomesha mashairi ya Waingereza wa karne ile
na hadithi zao nene zilizofuata:
wanawake weupe kama chaki
ambao wakimtazama mwanamume mara mbili
anakonda, anaacha farasi, anaacha mama yake,
anakufa akiwa na sauti nzuri.
Na mwanamke akipenda kupita kibaba chake
ukurasa wa mwisho unamngoja: homa, moto au mto.

Mhando, dawati la nyuma, akanyoosha mkono:
"Mwalimu, huyu dada si wa Uingereza.
Huyu ni wa hapa hapa Tanga."
Darasa likacheka hadi chaki ikanivunjikia.
Nami nilicheka. Kisha nikageukia ubao
nisionekane.

Maana mama yangu mdogo, Mwanamkasi binti Kilua,
fundi cherehani wa Barabara ya Nane,
alisemwa hivyo hivyo,
ila bila farasi.

Singano alikuwa karani wa reli.
Alileta suruali ipunguzwe kiuno,
akarudi kesho yake, akarudi kesho kutwa,
na kila akirudi kiuno kimepungua zaidi.
Mwaka haujaisha, sanduku la tiketi likawa na pengo,
pengo likapata jina,
jina likapewa namba kule Maweni.
Mji ukasema: limbwata.
Mkewe akasema: limbwata.
Shehe alipoulizwa alizungumzia mvua.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikilala jikoni mwake.
Nilikagua kila chungu.
Tui. Ndimu. Bamia. Pilipili mbichi.

Kutoka gerezani Singano alimletea shairi
nyuma ya fomu ya mizigo:

    Nyoka yule Ngamiani, macho yake ni makaa,
    Kanimeza si utani, wala sina pa kukaa,
    Kazi yangu ya relini, imegeuka dagaa,
    Atakayekuja Tanga, na aage kwao kwanza.

Alilisoma na pini mdomoni.
Akazitoa moja moja, akasema:
"Vina vimekaa. Mimi sijakaa humo.
Na hiyo dagaa kaiweka kwa shida ya vina tu,
hela zote alinunua hereni."
Akagusa sikio.

Nilipokua nilimwambia nitamtetea,
nitaandika kwamba hakuwa na kosa.
Alinikata kama uzi:
"Usinisugue, mwanangu, mimi si sufuria.
Nilimwona anashika moto.
Ningeweza kumwagia maji. Nilipuliza.
Hakuna aliyewahi kuniogopa kabla yake,
si baba, si mume wa kwanza,
na kuogopwa kuna utamu wa embe bichi na chumvi:
unatafuna huku meno yanakufa ganzi.
Lakini andika na hili.
Kila Ijumaa, miaka mitatu, bakuli la wali
hadi lango la Maweni, juani, kwa miguu.
Hilo hakulitungia."

Na siku alipotoka?

"Alikuja na suruali.
Nikampunguzia.
Nikamtoza."

Mashairi yalifika kumi na saba.
Karatasi za reli zilikuwa ngumu, hazichaniki ovyo,
akazikata vipimo vya shingo:
ya duara, ya mraba, ya kopa.
Ngamiani nzima imeolewa na kuzikwa wazazi
ndani ya shingo zilizochorwa kwa makaa na nyoka,
na hakuna aliyewashwa.

Narudi ubaoni. Swali la jaribio:
Thibitisha kuwa mwanamke huyu ni mharibifu. Hoja sita.
Nafuta neno la kwanza kwa kiganja
na mkono unabaki juu, mweupe,
haujui uweke nini pale.
Gauni langu lina shingo ya kopa.
Inabana kidogo.

"Mwalimu," Mhando anasema, kalamu tayari,
"tunakili na pengo?"